Mkaguzi Chini ya Dohani

Magadi tuyajuayo sisi, yale mawe meupe yakwanguliwayo kando ya maziwa ya Bonde la Ufa na kuuzwa masokoni kwa ajili ya kulainishia maharage na kuchanganyia ugoro, ni tunu ya ardhi isiyomdai binadamu kuwasha moto wowote ili aipate. Mataifa ya Ulaya hayakujaliwa neema hiyo. Kwa karne nyingi yalipata magadi yao kwa kuchoma mimea ya pwani ya Hispania na magugu ya bahari ya Uskoti na kuyachuja majivu yake, hata viwanda vya sabuni, vya vioo, vya karatasi na vya nguo vilipozidi kuongezeka na majivu yale yasitoshe tena, ikawabidi wataalamu wa kemia watafute njia ya kuyatengeneza magadi kwa chumvi ya kawaida. Njia hiyo aliigundua Mfaransa Nicolas Leblanc, akapewa hati ya uvumbuzi wake mwaka 1791. Lakini misukosuko ya mapinduzi ya nchi yake ilimnyang'anya kiwanda na faida, akafa fukara mwaka 1806, na utajiri wa akili yake ukaja kuvunwa na watu wa nchi nyingine.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Chumvi ilimiminiwa asidi ya kibiriti ndani ya chungu kikubwa cha chuma, ikapashwa moto, ikatoa hewa kali ya asidi ya chumvi. Masalio yake yakachomwa tanurini pamoja na makaa ya mawe na mawe ya chokaa mpaka yakawa donge jeusi. Donge likaoshwa kwa maji, na maji hayo yalipokaushwa ndipo yalipopatikana magadi. Sasa msomaji na aitazame hesabu yake, kwa maana ndiyo asili ya habari yote tunayotaka kuisimulia: kwa kila tani 8 za magadi zilizotoka, zilitoka pia tani 5 na nusu za ile hewa kali, pamoja na tani 7 za matope ya kijivu yenye kibiriti ndani yake, ambayo hayakumfaa mtu kwa lolote. Kiwanda kilichojulikana kuwa ni cha magadi kwa hakika kilizalisha taka nyingi zaidi kuliko magadi, na taka hizo zilikuwa na njia mbili tu za kutokea, dohani kwa ile hewa na uwanja wa nyuma kwa yale matope.

Uingereza ilipoiondoa kodi yake ya chumvi, ambayo ilikwisha kabisa mwaka 1825, milango ya biashara hii ilifunguka wazi. James Muspratt, mtu wa kutoka Dublin, alianzisha kiwanda chake Liverpool mwaka 1823. Miaka mitano baadaye yeye na mwenziwe Josias Gamble wakajenga kingine St Helens, palipokuwa na makaa ya mawe karibu na mfereji wa kusafirishia mizigo. Mwaka 1847 John Hutchinson akaanza kazi Widnes, kando ya mto Mersey, mahali palipokuwa hadi wakati huo vijiji vya wakulima na wavuvi. Na huko Glasgow jamaa ya Tennant ilikuwa na kiwanda cha St Rollox, kilichohesabiwa kuwa miongoni mwa viwanda vikubwa vya kemia duniani. Bidhaa zao zilienea kila bandari, hata huku kwetu, kwa maana bafta nyeupe ya Lancashire iliyofika Unguja na Mombasa ilipata weupe wake kwa unga wa klorini, nao unga huo ulitoka katika nyumba hizo hizo za magadi. Mnunuzi wa bafta dukani hakuwa na sababu ya kujua kwamba kwa ajili ya weupe ule kulikuwa na mashamba yaliyokuwa yakikauka mahali pengine.

Na kukauka yalikauka. Hewa ya asidi ya chumvi ni nzito, huyapenda maji, na ikikutana na unyevu wa hewa ya Uingereza, ambao haukosekani, hugeuka ukungu wa asidi unaotua juu ya kila kilicho hai. Nyua za miti ziligeuka rangi ya kutu, miti mikubwa ikakauka kuanzia kileleni, nafaka zikaungua kabla ya kukomaa, na vyombo vya chuma na bawaba za milango zikaliwa. Wakulima walikwenda mahakamani. Mwaka 1838 Muspratt alishitakiwa Liverpool kwa kosa la kuwaudhi na kuwadhuru raia, akatiwa hatiani. Akahamia kwingine, na huko nako akashitakiwa na wenye mashamba hata akaufunga mlango.

Jibu la matajiri wa viwanda lilikuwa kujenga dohani ndefu, kwa imani kwamba moshi ukitupwa juu sana utapotea angani. Ile ya St Rollox, iliyomalizika mwaka 1842, ilifika futi 435, yaani zaidi ya mita 130, nayo watu walisafiri kwenda kuitazama kama ajabu. Ilikuwa ajabu kweli kwa uashi. Lakini kwa habari ya kuzuia madhara haikufanya ila kuyapeleka mbali zaidi, kwa watu wengi zaidi, ambao sasa hawakuweza hata kujua yametoka wapi.

Hapa ndipo ulipokuwa udhaifu wa sheria ya zamani, na inafaa tuutazame kwa makini, kwa sababu udhaifu huo haujatoweka duniani hadi leo. Sheria ile ilimtaka aliyedhuriwa athibitishe kwamba dhara lake limetoka kwa mshitakiwa huyo na si kwa mwingine. Palipokuwa na kiwanda kimoja jambo hilo liliwezekana. Palipokuwa na kumi, kila mwenye kiwanda aliweza kusimama mbele ya hakimu na kumwuliza mkulima, kwa adabu kabisa, ni moshi wa nani uliomkaushia miti yake, na mkulima asiwe na la kusema. Ushahidi ulitafutwa mahali pasipo pake, chini ya mti uliokwisha kufa, ilhali hewa ilipokwisha kutoka dohanini na kuchanganyika na hewa za wengine haikuwa tena na jina wala mwenyewe. Mahali pekee ambapo taka ina mwenyewe asiyeweza kuikana ni pale inapotokea, ndani ya ua wa kiwanda, kabla haijavuka ukuta. Na ndani ya ua huo sheria haikuwa na ruhusa ya kutia mguu.

Dawa ya ile hewa, kwa upande wa ufundi, ilikuwa imekwisha kupatikana. Mwaka 1836 William Gossage, huko Stoke Prior katika jimbo la Worcestershire, aliichukua nyumba ya kinu cha upepo kisichotumika tena, akaijaza matawi na vichaka, akayaacha maji yatiririke kutoka juu, akaipitisha ile hewa kali katikati yake. Na maji yale, yakiwa yametandazwa juu ya maelfu ya vijiti, yakainywa hewa karibu yote. Mnara huo ulikuwa rahisi kujengwa na rahisi kuutumia. Baadhi ya viwanda vilijenga, lakini kujenga mnara ni jambo moja na kuutumia vizuri kila siku, usiku na mchana, ni jambo jingine: maji yakipunguzwa ili kupunguza gharama, au chungu kikichemshwa kwa haraka kuliko uwezo wa mnara, hewa hupita kama zamani, na mnara ukabaki kuwa pambo la kuonyeshwa wageni.

Mwaka 1862 Lord Derby, aliyekuwa na makao yake Knowsley karibu na St Helens na aliyekuwa akiiona miti yake mwenyewe ikidhoofika, aliliomba Baraza la Malodi liunde kamati ya kuchunguza habari za hewa zenye madhara, naye akawa mwenyekiti wake. Inawezekana kusema kwamba mtukufu huyo alisukumwa na mali yake, na ni kweli kwamba maelfu ya watu waliokuwa wakiishi chini ya moshi ule kwa miaka arobaini hawakuwa na kamati ya kuwasikiliza. Hata hivyo kamati yake ilifanya kazi ya haki, ikawasikiliza wenye mashamba, mafundi na matajiri wa viwanda, ikaona kwamba dawa ipo na kwamba gharama yake haiwezi kumfilisi mtu. Mwezi wa Julai mwaka 1863 Bunge likapitisha Sheria ya Alkali, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 1864.

Sheria hiyo ilikuwa fupi, na iliwaachia matajiri hiari kubwa. Haikuwaamuru wajenge mnara wa namna gani, wala haikuwapangia mwendo wa kazi yao. Iliwaambia tu kwamba kati ya kila sehemu 100 za hewa ya asidi ya chumvi inayotengenezwa, sehemu 95 kwa uchache ni lazima zizuiwe, na atakayeshindwa atatozwa faini ya pauni 50 kwa kosa la kwanza. Lakini ndani yake mlikuwa na kifungu kimoja kilichokuwa kipya kabisa, nacho ndicho kilichoipa sheria uhai wake: mkaguzi wa serikali alipewa haki ya kuingia kiwandani wakati wowote, mchana au usiku, pasipo kutoa habari mbele, maadam hazuii kazi isiendelee, na mwenye kiwanda akatakiwa kumpa nafasi na msaada wa kupima. Tena mkaguzi huyo hakuteuliwa na baraza la mji, ambalo aghalabu wajumbe wake walikuwa ni hao hao wenye viwanda au watu waliowategemea, bali aliteuliwa na serikali kuu ya London. Kwa taifa lililoamini kwamba nyumba ya mtu na karakana yake ni ngome isiyoingiliwa, hili lilikuwa jambo zito mno, na lau si kwamba matajiri wenyewe walichoshwa na kesi za wakulima, sidhani kama lingekubaliwa.

Mtu aliyepewa kazi hiyo alikuwa Robert Angus Smith, mzaliwa wa Pollokshaws karibu na Glasgow, aliyesoma kemia kwa mwalimu mashuhuri Justus von Liebig huko Giessen na kisha kufanya makao Manchester, ambako alitumia miaka mingi akiuchunguza moshi na mvua ya mji ule. Yeye ndiye aliyekuja kuandika juu ya mvua ya asidi, katika kitabu chake cha mwaka 1872, karne nzima kabla habari hiyo haijawashughulisha walimwengu. Wasaidizi wake walikuwa wanne, na viwanda vya kukaguliwa vilikuwa zaidi ya 80, vimetawanyika toka Uskoti hadi kusini mwa Uingereza na Wales.

Shida yao ya kwanza ilikuwa kwamba sheria iliamuru kipimo ambacho hakuna aliyekuwa na chombo cha kukipimia. Kujua ni sehemu ngapi kati ya 100 zimezuiwa kunahitaji kujua ni kiasi gani kimetengenezwa, ni kiasi gani kimeingia katika maji, na ni kiasi gani kimepanda dohanini. Na dohani si bomba lenye mizani mlangoni, ni njia pana ya matofali yenye joto, giza na upepo wa nguvu. Wakaguzi wakatoboa tundu katika ukuta wa njia ya moshi, wakavuta kwa chombo kiasi cha hewa kinachojulikana, wakaipitisha katika maji safi, kisha wakayatia maji yale nitrati ya fedha, ambayo huyageuza kuwa meupe kama maziwa panapokuwa na asidi ya chumvi, na kwa wingi wa weupe ule wakapata hesabu yao. Mmoja wa wasaidizi hao, Alfred Fletcher, akabuni kipimo cha mwendo wa moshi, chenye mirija miwili iliyoingizwa dohanini na maji ya etha yaliyopanda na kushuka kwa nguvu ya mvuto, hata ikawezekana kujua ni futi ngapi za hewa zinazopita kwa kila sekunde. Kwa njia hizo taka iliyokuwa haina umbo wala uzito ikapata tarakimu, ikaandikwa daftarini pamoja na jina la kiwanda, tarehe na saa.

Matokeo yalikuwa ya kustaajabisha. Katika taarifa ya mwaka wake wa kwanza Smith aliweza kulieleza Bunge kwamba kwa wastani viwanda vilikuwa vikizuia zaidi ya asilimia 98 ya hewa ile. Minara iliyokuwa pambo ilianza kufanya kazi; wasimamizi waliokuwa hawajui wanapoteza kiasi gani walijua sasa, na baadhi yao walishangaa kwa dhati. Hili ni jambo ambalo watu wanaouchukia ukaguzi hulisahau: si kila mvunjaji wa sheria ni mwovu aliyekusudia. Wengi huvunja kwa sababu hawajapata kutazama, na mwenye kiwanda ambaye hajapimiwa moshi wake hujidhania mwema, kama ajidhaniavyo kila mtu.

Smith aliuchukua ukaguzi kuwa ni ushauri kwanza na adhabu mwishoni. Alipokuta mnara unavuja hakukimbilia mahakamani. Alikaa na fundi wa kiwanda, akamweleza kasoro, akampa mfano wa kiwanda kingine kilichofaulu, akamwahidi kurudi. Kesi zilizofikishwa kwa hakimu kwa miaka mingi zilihesabika kwa vidole, na desturi hiyo warithi wake waliiendeleza hata karne ya ishirini. Walikuwapo waliolaumu, wakasema kwamba mkaguzi anayekula njama na mkosaji kwa jina la ushauri amekwisha kumsahau mkulima, na kwamba siri za madaftari yake zinawanufaisha matajiri. Mimi naona lawama hiyo ina sehemu ya haki. Mshauri hufaa maadam anayeshauriwa anajua kwamba nyuma ya shauri iko amri. Pale amri inapotoweka kwa kutotumika, shauri hugeuka kuwa mazungumzo ya marafiki. Lakini ni lazima pia tuseme kwamba watu watano, katika nchi yenye viwanda kila upande, wasingepata kitu kwa ugomvi ambacho hawakukipata kwa maarifa, na kwamba fundi aliyemwamini mkaguzi alimwonyesha tundu ambalo yule wa polisi asingelijua milele.

Palipokuwa na kasoro kubwa zaidi hapakuwa katika tabia ya wakaguzi bali katika mipaka ya macho waliyopewa na sheria. Sheria ya mwaka 1863 ilitaja hewa ya asidi ya chumvi, basi, haikutaja maji. Asidi iliyozuiwa mnarani isiende angani ilibaki ndani ya maji, na maji yale, kwa kuwa wakati huo hayakuwa na soko la kutosha, yaliachwa yatiririkie mitoni. Katika kijito cha Sankey kipitacho St Helens asidi hiyo ilikutana na yale matope ya kijivu yaliyorundikwa kandokando kama vilima, na mkutano wa vitu hivi viwili ulizaa hewa ya mayai viza, yenye sumu, iliyowafukuza watu madirishani mwao. Mkaguzi aliyesimama pale na daftari lake angeweza kuandika, bila uongo wowote, kwamba kiwanda kimetimiza asilimia 98. Taka ilikuwa imebadili mlango wa kutokea, na mlango huo wa pili haukuwa na mlinzi.

Marekebisho yalikuja polepole, kama yajavyo marekebisho yote ya mambo yenye gharama. Mwaka 1874 kipimo kiliongezewa nguvu, ikawa kisitazame tena sehemu za mia tu bali na wingi wa asidi katika kila futi ya ujazo ya hewa ya dohani, usizidi sehemu moja ya tano ya greni. Na mwenye kiwanda akatakiwa kutumia njia bora iwezekanayo kuzuia hewa nyingine zenye madhara, maneno ambayo yamekaa katika sheria za Waingereza kwa zaidi ya miaka mia. Tume ya kifalme chini ya Lord Aberdare ikazunguka nchi toka 1876 hadi 1878, na kwa ushauri wake sheria ya 1881 ikauingiza ukaguzi katika viwanda vya asidi ya kibiriti, vya mbolea na vinginevyo, na kuyagusa hata yale marundo ya matope. Biashara nayo ilifanya ambacho sheria haikuweza: Walter Weldon na Henry Deacon walivumbua njia za kuigeuza asidi iliyozuiwa kuwa klorini ya kung'arishia nguo na karatasi, na ghafla kile kilichokuwa taka ya kumwagwa kikawa mali ya kulindwa, hata ikatokea katika baadhi ya viwanda kwamba magadi yenyewe hayakuleta faida ila ule unga mweupe.

Kuna watu ambao ukaguzi huu haukuwatazama kabisa, nao ni wafanyakazi. Waliojaza unga wa klorini mapipani walifunga vinywa vyao kwa vitambaa vya sufu vilivyokunjwa mara nyingi, na meno ya waliosimama kwenye vyungu vya chumvi yaliliwa na asidi hata yakabaki visiki. Sheria iliyoweza kuhesabu sehemu ya tano ya greni kileleni mwa dohani haikuhesabu kilichoingia mapafuni mwa mtu aliyesimama chini yake. Jambo hili linaniuma kila niisomapo habari hii, kwa sababu mkaguzi alipita karibu na watu hao kila mara akienda kutoboa tundu lake ukutani.

Njia ya Leblanc yenyewe ilishindwa hatimaye na njia ya Mbelgiji Ernest Solvay, itumiayo amonia na isiyotoa hewa ile kali. Kampuni ya Brunner Mond ikaanzishwa mwaka 1873 ili kuitumia huko Winnington, na baada ya vita vikuu vya kwanza tanuri za Leblanc zikazimwa Uingereza. Kampuni hiyo hiyo, mwaka 1924, ilikuja kuinunua kampuni ya magadi ya Ziwa Magadi katika Kenya, na kwa namna hiyo magadi ya moto wa Lancashire na magadi ya jua la Bonde la Ufa yakaingia katika vitabu vya hesabu vya tajiri mmoja. Marundo ya Widnes hayakwenda popote; mji umejengwa juu yake, na mengine yamefunikwa udongo na kupandwa nyasi.

Kuhusu taka za kuzikwa na kubebwa, macho ya sheria yalibaki yamefumba kwa muda mrefu kuliko inavyoaminika. Mwezi wa Februari mwaka 1972, karibu na Nuneaton katika jimbo la Warwickshire, yalikutwa mapipa ya sumu ya sianidi yametupwa katika kiwanja cha tanuri la matofali lililoachwa, mahali walipozoea kucheza watoto. Hasira ya wananchi ilikuwa kubwa hata Bunge, ambalo kwa kawaida hujadili mambo ya namna hiyo kwa miaka, lilipitisha sheria ya taka zenye sumu kabla mwezi wa Machi haujaisha. Mtupaji akatakiwa kutoa taarifa mapema kwa wakuu wa mahali taka zinapotoka na wa mahali zinapokwenda. Sheria ya mwaka 1974 ikaleta leseni za majalala; na ile ya mwaka 1990 ikaweka wajibu uliofika mpaka kwa mwenye duka na mwenye karakana: kila mwenye taka awe na dhamana ya kuhakikisha kwamba anayemkabidhi ameruhusiwa kuzichukua, na kwamba inaandikwa hati ya makabidhiano inayoeleza ni taka gani, kiasi gani, na zimetoka kwa nani kwenda kwa nani, hati ambayo ni lazima ihifadhiwe miaka miwili.

Wajibu huo ndio uliouzaa ukaguzi wa namna nyingine, ambao mwenye biashara hujifanyia mwenyewe au humwajiri mtaalamu amfanyie, kabla mkaguzi wa serikali hajabisha hodi. Mtaalamu huyo hutembea uwanjani kutoka mlango wa kuingilia malighafi hadi mlango wa kutolea taka. Hufunua makasha aone kama mafuta machafu yamechanganywa na karatasi, hutazama kama mapipa yana majina yake na kama yamewekwa juu ya sakafu isiyonyonya, huuliza maji ya kuoshea vyombo yanaelekea mfereji upi. Kisha hukaa na madaftari, akalinganisha uzito ulioandikwa katika hati na kile alichokiona kwa macho, na mara nyingine hulifuata lori lenyewe mpaka jalalani. Kazi ya kulinganisha ndiyo iliyo ngumu na ndiyo yenye faida. Hati zikisema tani 2 kwa mwezi na uwanja ukionyesha 4, kuna tani 2 zinazopita mahali ambapo hapajaandikwa, na mkaguzi mwenye akili hataondoka mpaka apajue. Anayeishia kwenye jalada la hati, akaridhika kwamba sahihi zote zipo, hufanya kosa lile lile la kuandika asilimia 98 na kukipa kisogo kijito cha Sankey.

Afrika ya Mashariki iliingia katika desturi hii kwa sheria zake. Kenya ilitunga sheria ya mazingira mwaka 1999, na kanuni zake za mwaka 2003 zikaufanya ukaguzi wa mazingira kuwa faradhi kwa miradi na viwanda, ukaguzi wa kujifanyia na ule wa kusimamiwa na serikali. Kanuni za taka za mwaka 2006 zikaleta leseni za wasafirishaji na hati za kufuatia mzigo. Tanzania Bara ina sheria yake ya mwaka 2004, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira lilikwisha kuwapo tangu miaka ya 1980. Katika sheria ya Kenya mkaguzi ameruhusiwa kuingia katika ardhi, jengo au chombo chochote kwa saa zinazofaa bila hati ya hakimu, yaani ile haki ya mwaka 1863 imevuka bahari ikiwa karibu nzima.

Lakini haki iliyoandikwa hungoja mtu wa kuitumia. Katika kijiji cha Owino Uhuru, pembezoni mwa Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata madini ya risasi kilifanya kazi ukuta kwa ukuta na nyumba za watu, toka mwaka 2007 hadi kilipofungwa mwaka 2014. Moshi wake ulitua juu ya mabati, na mvua ikauteremsha katika maji ya kunywa. Na maji ya kiwanda yalitoka nje ya ukuta. Aliyeanza kudai vipimo hakuwa mkaguzi bali mama mmoja aliyekuwa mwajiriwa wa kiwanda hicho, Phyllis Omido, ambaye mtoto wake mchanga aliugua na kukutwa na risasi mwilini. Ushahidi ulipofika mahakamani ulikuwa ni damu za wanakijiji na udongo wa nyua zao, yaani dhara lilipimwa kwa waliodhuriwa, kama zamani lilivyopimwa chini ya miti ya Lancashire, ilhali sheria ilikuwa imetoa ruhusa ya kulipima dohanini miaka yote ile. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wanakijiji walipwe shilingi bilioni 1.3, hukumu iliyofuatiwa na rufaa kwa miaka kadhaa. Na miongoni mwa walioamriwa kulipa, pamoja na wenye kiwanda, ilikuwamo mamlaka ya serikali ya mazingira ambayo kazi yake ilikuwa kukagua.